Simu ya "Ofisa wa Kodi": Tupeleleze Kabla ya Kutuma

(Nakala ya nasaha iliyotolewa kwa waumini wa Njombe na Makambako)

Sifa njema zote ni za Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake, Swahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema.

Ama baad. 

Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: simu za matapeli zina uhusiano gani na msikiti? Jawabu ni kuwa wanazuoni wetu wameyataja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mali basi ni katika hayo matano. Anayenyang'anywa mtaji wake kwa hila amedhulumiwa kama aliyevunjiwa duka usiku, na mwenye kuuzuia udhuluma huo kabla haujatokea amefanya kazi ya kheri. Isitoshe, utapeli tunaouzungumzia leo hauingii kwa mtu kupitia simu yake peke yake. Unaingia kupitia mlango mwingine ulio ndani ya nyoyo zetu, na huo ndio mlango tunaokusudia kuubainisha.

Mkoa wetu wa Njombe, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012, ni mkoa wa watu wanaofanya kazi. Hapa panatoka mbao, viazi mviringo, chai na parachichi. Makambako ndipo barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Mwenye mzigo yuko Lupembe, mnunuzi yuko Dar es Salaam, dereva yuko njiani, na fedha inapita hewani. Kwa sababu hiyo simu imekuwa ndiyo duka lenyewe. Namba zetu tumeziandika kwenye vibao, kwenye vitabu vya risiti, kwenye milango ya magari na kwenye makundi ya WhatsApp ya wauza mbao na wauza viazi. Hatuna budi kuziandika, kwani bila namba hakuna mteja. Lakini namba inayomfikisha mteja ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha tapeli.

NAMNA SIMU HIYO INAVYOKUJA

Tutoe mfano, si kisa cha mtu fulani, ili mwendo wa jambo hili ueleweke.

Ni saa nne asubuhi, siku ya soko. Mwenye duka anahudumia wateja watatu, na nje kuna lori linasubiri kupakia. Simu inaita. Sauti ni ya upole na ya kiofisi: "Habari za kazi. Naongea na fulani bin fulani? Hapa ni TRA, kitengo cha ukaguzi." Majina yote matatu ameyataja sawasawa. Pengine anaitaja na namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN. Kisha anasema kuwa kumbukumbu zinaonesha biashara hii inadaiwa kodi ya miaka mitatu pamoja na riba na faini, jumla yake ni milioni kadhaa, na gari la maofisa liko njiani linakuja kufunga duka na kuzuia akaunti ya benki.

Mwenye duka anashituka. Anataka kujieleza, lakini hapewi nafasi. Anaambiwa asikate simu, kwa kuwa mazungumzo yanarekodiwa. Baada ya muda sauti inabadilika na kuwa ya huruma: "Mzee wangu, mimi naona wewe ni mtu mzima, una familia. Hili jambo tunaweza kulimaliza kabla gari halijafika. Tuma laki tatu kwa namba hii ya mhasibu wetu, nami nitalifunga faili lako." Namba inayotolewa ni ya kawaida ya simu, na jina linalotokea ni la mtu binafsi. Akitanabahi na kuuliza, anajibiwa kuwa huyo ndiye mhasibu. Anatuma. Dakika kumi baadaye fedha imekwisha tolewa kwa wakala katika mji ambao yeye hajawahi kuufika, na simu ile haipatikani tena.

Wapo wanaobadilisha kidogo. Mmoja atasema umepata marejesho ya kodi uliyozidisha kulipa, na ili uyapokee umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako hivi punde, au ubonyeze namba fulani fulani zinazoanza na nyota. Mwingine atasema mashine yako ya EFD ina hitilafu na unahitaji kulipia usajili mpya. Mwingine atadai kodi ya jengo. Njia ni nyingi, lakini mwisho wake ni mmoja: fedha yako iondoke, au namba zako za siri zitoke.

AMEJUAJE JINA LANGU?

Hili ndilo swali linalowaangusha wengi. Mtu husema: kama si ofisa, angelijuaje jina langu kamili na namba yangu ya TIN? Ndugu zetu, tuliangalie jambo hili kwa utulivu, maana ukilifahamu hili umekwisha kumpokonya tapeli nusu ya silaha yake.

Jina lako halina siri. Mtu yeyote akianza hatua za kukutumia fedha kwa simu, kabla hajathibitisha, mtandao humuonesha jina la mwenye laini. Kuwekwa kwake kulikusudiwa kheri, ili mtu asikosee namba. Lakini tapeli huandika namba yako iliyo kwenye kibao, husoma jina lako, kisha husitisha muamala. Hakutoa hata shilingi, na sasa anakuita kwa majina yako matatu.

Namba ya TIN nayo haina siri. Inachapwa katika kila risiti ya EFD unayompa mteja, na cheti chake kimetundikwa ukutani dukani mwako, mahali ambapo kila anayeingia kununua sabuni anaweza kukisoma. Ama biashara unayoifanya imeandikwa juu ya mlango. Kwa hiyo anayekutajia mambo haya matatu hajathibitisha kuwa ni ofisa. Amethibitisha tu kuwa anajua kusoma.

Hata namba ya simu inayotokea kwenye kioo si hoja, wala picha ya nembo ya TRA iliyowekwa kwenye WhatsApp si hoja, wala kitambulisho kilichopigwa picha na kutumwa si hoja. Picha huchukuliwa popote ikabandikwa popote. Katika Suratul Hujurat, aya ya sita, tumeamrishwa kupeleleza na kuhakikisha pale mtu asiyeaminika anapotuletea habari, tusije tukafanya jambo kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Mpigaji usiyemjua, anayekuletea habari nzito na kukunyima muda wa kuipeleleza, anakuzuia usiitekeleze amri hiyo. Kule kukunyima muda tu kunatosha kuwa ni dalili.

MLANGO ULIO NDANI YETU

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa nini mtu mwenye akili zake, aliyefanya biashara miaka ishirini, anayejua kuhesabu hadi senti ya mwisho, anatuma laki tatu kwa mtu asiyemjua?

Sababu ya kwanza ni khofu. Wafanyabiashara wengi hawajui hasa wanadaiwa nini na nani. Leseni ya biashara inatoka halmashauri, kodi ya mapato inakwenda TRA, ushuru wa mazao unatozwa na halmashauri, mbao zina vibali vya misitu, na gari lina mambo yake barabarani. Mtu asiyekuwa na daftari, asiyekuwa na faili la risiti, akiambiwa anadaiwa milioni mbili hana cha kujibu. Hawezi kusema ndiyo, wala hawezi kusema hapana. Tapeli anaishi katika pengo hilo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ulimi unasita kuitaja, lakini nasaha isiyotaja ugonjwa haiponyi. Neno linalomaliza kazi katika simu ile si neno la vitisho, bali ni lile la "tumalizane". Tapeli hakuomba kodi. Ameomba rushwa, na ameiomba kwa watu anaodhani wameizoea. Mwenye kutuma laki tatu ili milioni mbili zifutwe anajua moyoni kuwa fedha hiyo haiendi Hazina. Anadhani ananunua unafuu. Na kwa sababu hiyo, akigundua kuwa ametapeliwa anafunga mdomo. Aende polisi akasemeje? Kwamba alitaka kumhonga ofisa wa Serikali na ofisa huyo akawa wa bandia? Ndipo tapeli anapolala usingizi, kwa sababu aliyeibiwa amekuwa mlinzi wa siri ya mwizi.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 188, kuliana mali kwa batili na kuipeleka kwa mahakimu kama chambo cha kula haki za wengine. Na sheria ya nchi, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inamtia hatiani anayetoa kama inavyomtia hatiani anayepokea. Basi anayejizoeza kusema "siwezi kulipa nje ya utaratibu, andikeni barua" amejikinga na mambo mawili kwa neno moja. Mbele ya ofisa muovu wa kweli amejikinga na dhambi, na mbele ya ofisa wa bandia amejikinga na hasara. Hatuingii leo katika mjadala wa wanazuoni kuhusu hukumu ya kodi, kwani hilo lina mahali pake. Tunachosema ni kwamba hakuna rai yoyote katika mjadala huo inayohalalisha kutoa rushwa kwa ajili ya kuukimbia wajibu.

OFISA WA KWELI HUFANYAJE KAZI?

Mamlaka ya Mapato Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ikaanza kazi Julai 1996. Ina ofisi hapa mkoani, yenye watu wanaoonekana na milango inayogongwa. Na kazi yake inaongozwa na sheria, ikiwemo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Si lazima tuwe wanasheria, lakini yafaa kila mwenye biashara ayajue mambo yafuatayo.

Kwanza, hatusemi kuwa ofisa wa kodi hapigi simu kamwe. Anaweza kukupigia kukukumbusha au kukuita ofisini. Tofauti haiko katika kupiga, iko katika anachokitaka. Simu ya kweli inakupeleka ofisini au kwenye maandishi. Simu ya uongo inakukimbiza ofisini na inachukia maandishi.

Pili, kodi ya Serikali hailipwi kwa namba ya simu ya mtu. Inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani tunaiita kontroo namba, kupitia benki au katika sehemu ya malipo ya Serikali kwenye simu. Mfumo huu ulianza mwaka 2017 na umekusudiwa fedha iende moja kwa moja kwenye akaunti ya Serikali. Na hata ukipewa kontroo namba kwa simu, usilipe kabla ya kuhakikisha ofisini kuwa imetolewa kwa jina lako na kwa deni lako, usije ukalipa deni la mtu mwingine.

Tatu, deni la kodi halizaliwi ndani ya simu. Kunakuwa na makadirio kwa maandishi, na asiyeridhika nayo ana haki ya kuyapinga ndani ya siku 30 tangu alipoyapokea. Kodi ya makadirio nayo hulipwa kwa awamu nne katika mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ni kweli kuwa Mamlaka ina uwezo kisheria wa kudai fedha kupitia benki ya mdaiwa sugu, lakini hatua hiyo hutanguliwa na taratibu na karatasi. Sheria inakupa siku, tapeli anakupa dakika.

Nne, kusajiliwa na kupata namba ya TIN ni bure. Anayetaka "hela ya fomu" ni kishoka.

Tano, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo kwa nyumba yenye umeme hukatwa kidogo kidogo mwenye nyumba anaponunua umeme wa LUKU. Mwenye nyumba kama hiyo akipigiwa simu atume kodi ya jengo kwa namba ya mtu, ajue anaongea na nani.

Sita, ofisa akija dukani ana kitambulisho cha kazi. Kukiomba na kukisoma si ufidhuli. Na ukiwa bado na shaka, ofisi ya TRA si mbali, nenda ukaulize.

DALILI ZA KUKUMBUKA

Kwa ajili ya wazee wetu na wale wasiopenda maneno mengi, tunazikusanya dalili katika mambo matano. Ukiliona mojawapo, kata simu bila kuona haya:

1. Anakutaka utume fedha kwa namba ya simu au kwa jina la mtu binafsi.

2. Anakukataza kukata simu, au anakukataza kumwambia mwanao, mkeo au jirani.

3. Anakupa muda mfupi, na kila ukiuliza swali anaongeza vitisho.

4. Anakupunguzia deni papo kwa papo, kama muuza nguo mnadani.

5. Anataka namba ya siri, tarakimu zilizoingia kwenye simu, namba ya NIDA, au anakuelekeza ubonyeze namba usizozijua.

Kukata simu si kukosa adabu. Sema, "Nitakuja ofisini," kisha kata. Ofisa wa kweli hatakasirika kusikia kuwa unakuja ofisini kwake. Na ukitaka kuhakikisha kwa simu, usitumie namba aliyokupa yeye. Tumia namba iliyoandikwa kwenye barua zako za zamani za Mamlaka au uliyoichukua mwenyewe pale ofisini. Vivyo hivyo kwa anayejidai kuwa ni huduma kwa wateja wa mtandao wa simu: namba yao inayojulikana ni 100, si namba ya kawaida ya mtu.

SI SISI PEKE YETU

Asijione mtu mjinga kwa kudanganywa, kwani hila hii imezunguka dunia. Oktoba 2016 polisi wa India walivamia majengo katika eneo la Thane, karibu na Mumbai, wakawakuta mamia ya vijana wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kuwapigia simu watu wa Marekani na kujidai kuwa ni maofisa wa kodi wa nchi hiyo. Walikuwa na maneno yaliyoandikwa ya kusoma, kama mwanafunzi anavyosoma somo. Waliowalenga zaidi ni wazee na wahamiaji, watu wenye khofu na Serikali na wasio na wa kumuuliza. Julai 2018 mahakama ya Marekani iliwahukumu watu zaidi ya 20 walioshiriki katika mtandao wa namna hiyo, na adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa kifungo cha miaka 20.

Kwetu Tanzania tumeanza na ujumbe mfupi wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tukaucheka, lakini wapo waliotuma, kwa kuwa siku hiyo kweli walikuwa na hela ya kumtumia mtu. Serikali iliamuru laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Hata hivyo utapeli haukukoma, na sababu moja ni sisi wenyewe. Kuna vijana wanaokubali kusajili laini kwa kitambulisho chao na kuiuza kwa fedha ya chakula cha siku mbili. Na kuna watu wasiojua, ambao msajili wa mtaani amewaambia kidole hakijasoma, waweke tena, kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine. Kila mmoja wetu apige *106# aangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua akaifute kwenye duka la mtandao husika. Kijana aliyeuza laini ajue kuwa ameuza kisu kwa mtu aliyemwambia anakwenda kuchinja. Atakuwa na sehemu katika dhulma hiyo mbele ya Mola wake, na sehemu mbele ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

ALIYEKWISHA TUMA AFANYE NINI?

Asikae akijilaumu, dakika ni muhimu. Apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake, aeleze muamala na aombe fedha izuiwe kabla haijatolewa. Kama alitaja namba yake ya siri, aibadilishe hapo hapo. Asifute ujumbe wowote wala orodha ya simu zilizopigwa, kwa kuwa huo ndio ushahidi wake. Kisha aende kituo cha polisi atoe taarifa na apewe namba ya taarifa yake. Namba ya tapeli aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ajili hiyo, ili ifungiwe asije akadhulumiwa mwingine.

Na ajihadhari na pigo la pili. Matapeli huuziana majina ya waliowahi kutuma. Baada ya wiki atapiga mwingine akijidai ni askari au mwanasheria, amempata mwizi, na anahitaji gharama kidogo ili fedha irudi. Aliyeumwa mara moja na nyoka yule asitie tena mkono katika shimo lile lile.

WAJIBU WA JAMAA WA MSIKITI

Tunamalizia na mambo manne ambayo tunaomba yaanze kutekelezwa wiki hii.

La kwanza, daftari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Umma uliopewa aya hiyo haufai kuwa umma wa biashara zisizoandikwa. Nunueni daftari, andikeni mauzo na manunuzi, na kila risiti ya kodi na leseni iingie katika bahasha moja. Mtu anayeweza kufungua bahasha na kusema "hii hapa nilipolipa" hatishiki. Vijana waliosoma wakae na wazazi wao siku moja baada ya Alasiri wawapangie karatasi hizo.

La pili, fedha ya msikiti na madrasa. Simu inayopokea sadaka isiwe mikononi mwa mtu mmoja, na isitoke fedha humo bila watu wawili kukubaliana. Viongozi wa misikiti nao hupigiwa, kwa kuahidiwa misaada ya visima na majengo, sharti watangulize gharama.

La tatu, mawakala wa fedha waliomo miongoni mwetu. Ninyi ndio mlinzi wa mwisho langoni. Mkimuona mzee anatuma fedha huku simu nyingine iko sikioni na mikono inatetemeka, mwulizeni kwa upole, "Baba, huyu unayemtumia unamfahamu?" Swali hilo moja linaweza kuokoa mtaji wa mwaka mzima. Kamisheni mtakayoikosa Allah ataileta kwa njia nyingine.

La nne, ndimi zetu. Anapotapeliwa mtu, mtaa mzima hucheka. Kicheko hicho ndicho kinachowafanya wengine wafiche, na kila anayeficha anamuacha jirani yake aanguke katika shimo lile lile. Aliyedhulumiwa anastahiki kusaidiwa, hastahiki kutaniwa. Akisimama mtu baada ya swala akasema, "Ndugu zangu, nilipigiwa na namba hii na maneno yalikuwa hivi," tumshukuru, maana ametoa sadaka ya elimu.

Ndugu zetu, tapeli hana bunduki wala panga. Ana sauti tu, na kazi yote iliyobaki tunamfanyia sisi: khofu ni yetu, haraka ni yetu, tamaa ya kumalizana ni yetu, na kidole kinachobonyeza ni chetu. Tukiviondoa hivyo vinne, atabaki na sauti yake, naye ataongea mpaka salio lake limwishie.

Tunamuomba Allah atuhifadhie dini zetu na mali zetu, atupe chumo la halali na moyo wa kutosheka nalo, awarejeshee waliodhulumiwa haki zao, na awaongoze vijana wetu waliotumbukia katika kazi hii chafu wapate kutubu na kurudisha walichokichukua.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullah wabarakaatuh.